Kama uteuzi asilia huondoa udhaifu, mbona seli mundu haijaisha Pwani?

Swali: Ninaishi Malindi, nina watoto wawili. Mdogo ana mwaka mmoja na nusu na juzi amegunduliwa ana seli mundu, SS. Tulipopimwa mimi na mume wangu tukaambiwa sote ni AS, na mkubwa wetu pia ni AS. Mama mkwe anasema ni laana ya upande wa kwetu. Kaka yangu aliye chuoni anasema ni uteuzi asilia, kwamba maumbile huondoa wanyonge, na maneno yake yaliniuma kuliko ya mama mkwe. Lakini nikajiuliza: kama wanyonge huondolewa, mbona ugonjwa huu haujaisha miaka yote hii? Na hayo mageuko ya viumbe, nani aliwahi kuyaona kwa macho yake? Pia nimesikia mwenye AS hapati malaria. Neti tunayo moja. Je, nimtoe mkubwa, alale mdogo peke yake?

Jibu: Dada yangu, pole kwa habari hii nzito, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kumtoa mtoto kwenye neti. Nianze na hilo, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri. Usimtoe. Mwenye AS, yaani aliyerithi S moja ya seli mundu na A moja ya kawaida, hupata malaria. Watafiti waliowafuatilia watoto wa Kilifi, kaunti yenu hiyohiyo, walichapisha mwaka 2005 kwamba AS ilipunguza malaria ya kawaida kwa takriban nusu, ikapunguza kulazwa hospitalini kwa malaria kwa asilimia 75, na ikapunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Kinga hiyo ni kubwa mno, lakini nusu ya homa inayobaki bado ni homa ya kweli, na bado inaweza kumlaza mtoto. Wala usidhani kwamba ikiwa S moja inakinga, basi S mbili zinakinga maradufu. Kwa mdogo wako ni kinyume: damu yake ni chache tayari, na malaria ikimpata humporomosha haraka. Wote wawili walale chini ya neti. Neti moja ikiwatosha walale pamoja, na kesho uliza kliniki ya watoto kama mnaweza kupata nyingine bure.

Sasa laana. Nakala za jeni inayohusika na seli mundu, iwe A au S, ziko mbili kwa kila mtu, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Mtoto wa SS amepokea S moja kwako na S moja kwa mume wako, yule ambaye mama mkwe anamwita mwanawe. Haiwezekani kabisa itoke upande mmoja. Mume wako naye aliipata kwa mmoja wa wazazi wake, aliyeishi nayo bila kuugua na pengine bila kujua. Sisemi hivi ili ukamshinde mama mkwe kwa hoja. Nasema kwa sababu wanawake wengi Pwani wamerudishwa kwao kwa jambo ambalo damu ya mume inalishuhudia sawasawa na damu yao.

Kaka yako ameshika jina sahihi na maana isiyo sahihi, na wengi hukosea hapohapo. Uteuzi asilia hauhukumu nani mnyonge na nani mwenye nguvu. Hauna lengo wala hauna jicho. Ni jambo linalotokea lenyewe pale mambo matatu yanapokutana: viumbe wa aina moja wanatofautiana, tofauti hizo zinarithiwa, na baadhi ya tofauti zinawafanya wenye nazo waache watoto wengi zaidi katika mazingira fulani. Mkazo uko kwenye hayo maneno ya mwisho. Ubadilishe mazingira, na kilichokuwa faida kinaweza kuwa hasara. Mtu mmoja hageuki katika maisha yake. Kinachogeuka ni uwiano wa jeni katika jamii nzima, kizazi baada ya kizazi. Na mabadiliko ya jeni hayaji kwa sababu yanahitajika. Huja kwa bahati, jeni zinaponakiliwa, kisha mazingira ndiyo yanayoamua yapi yaenee.

Badiliko lililoleta S ni dogo mno. Katika jeni inayoelekeza utengenezaji wa himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, herufi moja tu ya DNA imebadilika: palipokuwa na A pana T (A hii ni herufi ya DNA, si ile A ya AS). Kwa sababu hiyo, katika mnyororo mmoja wa protini hiyo, wenye viungo 146, kiungo cha 6 kimekuwa valini badala ya asidi ya glutamiki. Oksijeni ikipungua, himoglobini ya namna hii hushikamana na kufanya nyuzi ngumu ndani ya chembe nyekundu, nayo chembe hupinda kama mundu, hukwama kwenye mishipa midogo na kufa mapema. Ndiyo maumivu ya mifupa, ndiyo upungufu wa damu, ndiyo macho ya manjano. Katika miezi ya kwanza mtoto bado ana himoglobini ya tumboni, ambayo haina kasoro hii, na ndiyo maana mdogo wako alionekana mzima kabisa mpaka ilipoanza kupungua.

Kwa mwenye AS, himoglobini ya kawaida ni nyingi kuliko ya S, hivyo chembe zake hubaki mviringo siku zote za kawaida. Lakini kimelea cha malaria kinapoingia ndani ya chembe hiyo, mambo hubadilika. Chembe iliyoambukizwa hupinda upesi kuliko nyingine na bandama huiondoa pamoja na kimelea chake. Oksijeni ikiwa chache, kimelea hukua kwa shida. Tena chembe zilizoambukizwa hazing'ang'anii vizuri kwenye kuta za mishipa ya ubongo, na huko kung'ang'ania ndiko kunakoleta degedege na kupoteza fahamu, hali ambayo wazee wengi wa Pwani waliijua kwa jina la nyuni. Watafiti bado wanapima ni ipi kati ya njia hizi yenye uzito zaidi, lakini kwamba kinga ipo, hilo halina shaka tena.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako, na nakuomba unifuate katika hesabu kidogo. Chukua kijiji cha zamani, kabla ya hospitali, ambako katika kila nakala 10 za jeni hii, 1 ni S. Wakizaliwa watoto 100, kanuni za urithi zinatoa takriban 81 wa AA, 18 wa AS na 1 wa SS. Yule wa SS hafiki utu uzima. Tuseme malaria inaua 9 katika wale 81 wa AA, na wale wa AS wanapona. Wanaobaki kuja kuzaa ni 72 na 18, jumla 90, wenye nakala 180. Katika hizo, S ni 18. Ni moja kwa kumi, palepale tulipoanzia. Namba nimezichagua ziwe nyepesi, na kinga ya AS nimeifanya kamili ili tusichoke, lakini mizani yenyewe ndiyo hiyo: seli mundu inaondoa S upande mmoja, malaria inaondoa A upande wa pili, na kiwango kinatulia katikati. Tena angalia nani amekufa katika kijiji hicho. Mtoto 1 kwa seli mundu, watoto 9 kwa malaria. Hao 9 ndio ambao kaka yako angewaita wenye nguvu.

Sasa iondoe malaria katika kijiji hicho. Wanabaki 81 na 18, jumla 99, nakala 198, na S ni zilezile 18, yaani kama asilimia 9.1. Imepungua kutoka 10, lakini kidogo. Kwa mwendo huo itachukua vizazi 10, takriban miaka 250, S kufika nusu ya ilivyokuwa, na baada ya hapo inapungua polepole zaidi, kwa sababu S nyingi ziko ndani ya watu wa AS ambao hawaugui. Kwa hiyo hata mahali ambapo malaria imeondoka, jeni hii haitoweki upesi. Pwani malaria haijaondoka. Imepungua sana kwa neti na dawa, lakini ipo.

Utaniuliza tumejuaje kwamba hii si hadithi nzuri tu iliyotungwa baadaye. Ushahidi wa kwanza ulitoka hapahapa. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini na kulelewa Kenya, na mwaka 1949, angali mwanafunzi wa udaktari, alizunguka nchini akichukua damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona jambo la ajabu: Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, wenye S walipita asilimia 20, lakini kwenye nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1. Haikufuata lugha wala ukoo. Ilifuata mbu. Akatabiri basi kwamba watoto wenye AS watakuwa na vimelea vichache, akaenda kupima watoto 290 karibu na Kampala. Katika 43 wenye S, waliokuwa na vimelea walikuwa 12, yaani asilimia 28. Katika 247 wasio na S, walikuwa 113, karibu asilimia 46. Alichapisha mwaka 1954. Mimi hulipenda jambo hili kwa sababu alitoa kauli ambayo ingeweza kuvunjwa, kisha akaenda kuipima. Nusu karne baadaye watoto wa Kilifi wakaithibitisha kwa namba kubwa na makini zaidi.

Tena si Afrika pekee. S ipo mashariki mwa Saudi Arabia, ipo India, ipo Ugiriki, Uturuki na Sicily, penye historia ndefu ya malaria. Anayekwambia huu ni ugonjwa wa watu weusi hajaangalia ramani. Na pale malaria ilipokuwa nyingi bila S kuenea, zilienea jeni nyingine za chembe nyekundu: himoglobini C Afrika Magharibi, himoglobini E Asia ya Kusini Mashariki, na aina za thalasemia kutoka bahari ya Mediterania hadi visiwa vya Pasifiki. Mabadiliko tofauti, mahali tofauti, adui mmoja. Kama ingekuwa bahati tupu, kwa nini yafuate malaria kila mara?

Na hapo kwenu Kilifi kuna moja ambalo wengi hawajalisikia. Ni kundi la damu linaloitwa Dantu, adimu sehemu nyingi za dunia lakini si geni katika pwani ya Kenya. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40, na mwaka 2020 ikaelezwa namna gani: utando wa nje wa chembe umekazika zaidi, kimelea kinashindwa kupenya. Aliye nayo hajui, wala haimuumizi. Kuna familia zinazobeba S na kuna zinazobeba Dantu, na tofauti kati yao ni bahati ya badiliko lipi la jeni lilitokea kwa babu yupi.

Umeuliza nani aliona mageuko kwa macho. Wazazi wako waliyaona, ila hawakuambiwa kwamba ndiyo hayo. Waulize kuhusu klorokwini, ile dawa chungu iliyowawasha mwili. Ilikuwa ikimaliza malaria kwa siku chache na kwa bei ndogo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mpakani mwa Thailand na Kambodia, vimelea visivyokufa kwa klorokwini vilianza kuonekana, na mwaka 1978 vikaonekana Afrika Mashariki. Kenya iliiacha ikahamia dawa nyingine, Fansidar, mwaka 1998, nayo Fansidar ikashindwa, mwaka 2004 ikaamuliwa dawa ya mseto, hii mnayopewa sasa.

Kilichotokea si kwamba vimelea vilijifunza. Katika mabilioni ya vimelea, vichache vilikuwa na badiliko katika jeni ya mlango fulani wa kifuko chao cha kusagia chakula. Klorokwini hufanya kazi ndani ya kifuko hicho; mlango uliobadilika unaitoa nje. Kila aliyemeza dawa aliua vimelea vya kawaida na kuviachia uwanja vile vyenye mlango mpya. Na Malawi ikatuonyesha upande wa pili. Waliacha klorokwini mwaka 1993. Mlango ule una gharama kwa kimelea pale dawa isipokuwepo, hivyo vimelea vya kawaida vikarudi kutawala. Utafiti wa Blantyre uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta klorokwini inaponya karibu watoto wote. Mazingira yalibadilika mara mbili, na mara zote mbili vimelea vikafuata, mbele ya watu walio hai. (Usiende kutafuta klorokwini dukani kwa kusoma haya. Maliza dozi ya mseto hadi kidonge cha mwisho, hata mtoto akichangamka siku ya pili.)

Pengine kaka yako ataleta na lile la binadamu kutoka kwa nyani, maana mazungumzo haya huishia huko. Nyani unaowaona Gede si mababu zetu. Sayansi haisemi hivyo. Inasema kwamba sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja wa zamani sana, na jeni hii yako ni mahali pazuri pa kuona kwa nini. Himoglobini ya kawaida ya mtu mzima na ya sokwe mtu zina viungo vilevile kwa mpangilio uleule, vyote 141 vya mnyororo mmoja na 146 vya mwingine. Hilo pekee halitoshi, kwani mtu anaweza kusema kazi ni moja, basi kifaa ni kimoja. Lakini kando ya jeni hii pana nakala iliyoharibika, isiyotengeneza protini yoyote. Sokwe mtu na gorila wanayo mahali hapohapo, na makosa yaliyoiharibu ni yaleyale. Mwalimu akikuta wanafunzi wawili wamekosa swali moja kwa kosa lilelile la ajabu, hujua karatasi zina asili moja. Kuhusu imani, najua swali linakugusa. Nimewajua madaktari na walimu wanaoswali au kwenda kanisani na kuyakubali yote haya bila kutikisika. Ninachokupa mimi ni kilichopimwa. Namna ya kukiweka kando ya imani yako, zungumza na shehe au mchungaji unayemwamini na aliye tayari kusikiliza.

Kwa kaka yako ninalo jambo moja, nalo nalisema kwa uzito. Uteuzi asilia unaeleza yaliyotokea. Hautoi amri ya yanayopaswa kutokea. Mtoto wako si mabaki ya hesabu, na leo mazingira yake yana vitu ambavyo kijiji kile hakikuwa navyo.

Vitu hivyo ni hivi, na hapa ndipo barua inakoma kutosha na unahitaji daktari wa ana kwa ana. Hakikisha majibu ya SS yalitokana na kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kwa sababu kile cha haraka kinachosema chanya au hasi tu hakitofautishi AS na SS. Mtoto apewe penisilini kila siku angalau hadi miaka 5, foliki asidi, dawa ya kuzuia malaria, na chanjo zote, hasa ya nimonia. Uliza kuhusu dawa iitwayo haidroksiyurea. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika Angola, Kongo, Uganda na Kilifi, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, kwa hiyo usiinunue mwenyewe. Hospitali ya Kaunti ya Kilifi ina kliniki ya seli mundu. Pale Malindi omba waraka wa kupelekwa huko kama hawajakupa.

Mwombe muuguzi akufundishe kupapasa bandama, upande wa kushoto chini ya mbavu. Ukiikuta imevimba ghafla na mtoto amepauka, usingoje asubuhi. Vivyo hivyo homa ya 38.5 au zaidi, hata kama anacheza. Kupumua kwa shida au maumivu ya kifua. Kulegea mkono au mguu mmoja, au mdomo kwenda upande. Maumivu yasiyotulia kwa dawa ya nyumbani. Na kama ni mvulana, uume uliosimama kwa maumivu bila kulala. Hayo yote ni ya hospitali saa hiyohiyo, na ukifika sema mapema kwamba ni mtoto wa SS.

Mkipanga kuzaa tena, kila mimba inaanza upya: nafasi moja kati ya nne ya SS, mbili kati ya nne ya AS, moja kati ya nne ya AA. Kuwa na mmoja wa SS hakuwahakikishii kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama. Mtoto akizaliwa, apimwe wiki za mwanzo, dawa zianze kabla ya dalili. Kaka yako naye akapime, kwani anaweza kuwa AS kama wewe.

Mkubwa wako hana ugonjwa. Atakimbia, ataogelea, atasoma kama wenzake. Anywe maji ya kutosha siku za jua kali na michezo mizito, na akiona damu kwenye mkojo aende akapimwe. Andika AS kwenye kijitabu chake cha kliniki usikipoteze, na akifika umri wa kuchumbia, yeye na mwenzake wapime kabla ya tarehe ya harusi kupangwa.